Anakariri kamusi kwa herufi, mtihanini maneno yanamchanganya

Barua ya msomaji

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa Korogwe. Binti yangu wa kwanza ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Shule ya msingi alisoma ya serikali, kila somo kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe, na somo alilokuwa analipenda kuliko yote ni Sayansi. Sasa karibu kila kitabu ni Kiingereza, na naona furaha yake ya shule inapungua.

Nilimtafutia tuisheni ya jioni. Mwalimu wa tuisheni amewaambia wanunue kamusi, waanze na herufi A, wakariri maneno ishirini kila siku. Nimelifungua daftari lake. Abandon, kutelekeza. Abase, kudhalilisha. Abate, kupungua makali. Abbey, nyumba ya watawa. Abbot, mkuu wa watawa. Abdicate, kuachia ufalme. Abdomen, tumbo. Abduct, kuteka nyara. Abhor, kuchukia mno. Abolish, kufuta. Abound, kujaa tele. Abrupt, ya ghafla. Absent, kutokuwepo. Absorb, kufyonza. Abstain, kujizuia. Nikimshikia daftari anayataja yote kuanzia juu mpaka chini bila kusita. Lakini nikimuuliza moja la katikati, namwona midomo inacheza, anaanza tena na abandon kimoyomoyo hadi alifikie.

Juzi karudi na jaribio la Biolojia. Swali lilitaka ataje kazi ya mizizi. Ameandika: "Roots abolish water." Pembeni kuna alama ya kukosa. Ananiambia alijua kabisa kwamba mizizi inafyonza maji, na alikumbuka kwamba neno lenyewe linaanza na "ab". Amelia sana. Tangu siku hiyo anasema kichwa chake hakishiki Kiingereza.

Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza sikijui. Naomba uniambie ukweli, mwalimu. Mtoto wangu ni mzito? Aendelee na kamusi? Na mtu kama mimi nawezaje kumsaidia?

Mama K., Korogwe

Jibu

Marahaba, mama, na pole na majukumu.

Naanza na swali ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Binti yako si mzito. Litazame tena jibu lake. Kazi ya mizizi aliijua. Alijua anahitaji kitendo, akaandika kitendo. Alikumbuka herufi za mwanzo, na hata tahajia ya neno aliloliandika haina kosa. Alichofanya ni kuchukua neno lililokaa karibu na lile alilolitaka, na aliyeyaweka karibu hayo mawili ni orodha aliyopewa akariri.

Maneno yanayofanana kwa sura, yakisomwa kwa pamoja yakiwa yote mageni, hugombana. Wewe fundi utanielewa haraka: uzi mweusi na uzi wa bluu iliyoiva ukivitupa kwenye kopo moja, usiku kwa taa hafifu utatunga sindano kwa uzi usio wake, ingawa mchana rangi zote mbili unazijua vizuri. Jaribio la darasani ndiyo ile taa hafifu.

Jambo hili limechunguzwa. Batia Laufer wa Chuo Kikuu cha Haifa ameandika tangu miaka ya 1980 kuhusu maneno ya Kiingereza yanayowachanganya wageni kwa sababu ya kufanana umbo, kama "adapt", kujirekebisha kufuatana na mazingira, na "adopt", kuasili mtoto. Au "sensible", mwenye busara, na "sensitive", mwepesi wa kuhisi. Mwaka 1993 Thomas Tinkham alionyesha kwamba hata maneno ya kundi moja kwa maana, tuseme ya mavazi, huchukua muda zaidi kushikwa yakifundishwa kwa mkupuo kuliko maneno yasiyohusiana. Paul Nation, aliyefundisha Wellington, New Zealand, na ambaye ameandika mengi kuhusu kujifunza msamiati, anashauri yale yanayokaribiana yatenganishwe kwa muda: moja lizoeleke kwanza, ndipo mwenzake aletwe.

Ile midomo inayocheza uliyoiona nayo inaeleza kitu. Anachokijua binti kwa sasa ni mfuatano. Kila neno amelifunga kwenye mkia wa lililotangulia, na mtihani hauulizi kwa mfuatano huo.

Kamusi ilipangwa kwa alfabeti ili mtu alipate neno upesi anapolihitaji, na kwa kazi hiyo hakuna mpangilio bora. Kwa kujifunza, waliokaa na kuchagua maneno ya wanafunzi hawakufuata herufi kamwe. Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya ualimu miaka mingi huko Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayojirudia zaidi katika maandishi ya Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa nyingine ya familia 570 za maneno (familia ni neno moja pamoja na yanayotokana nalo) yanayotumika zaidi kwenye maandishi ya kitaaluma. Wote wawili walijiuliza mwanafunzi atakutana na nini mara nyingi. "Abbey" ni neno zuri, na abasia tunazo hapa nchini, Peramiho na Ndanda. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kumaliza mwaka mzima asikutane nalo, wakati "absorb" linamsubiri kwenye ukurasa wa mizizi.

Kwa hiyo, mama, orodha yake ya kwanza itoke kwenye vitabu vyake vya masomo. Sura wanayoisoma wiki hii ya Biolojia, ya Jiografia, ya Kemia. Maneno machache ambayo bila hayo ukurasa haufunguki. "Absorb" liingie leo. "Abolish" liwekwe pembeni mpaka Historia ifike kwenye kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873 wakati wa Sultan Barghash. Hapo atalikuta lina mahali na tukio, na halitamjia tena mdomoni anapozungumzia mmea.

Daftari lile lisitupwe, kwa sababu lina mali ndani ambayo bado haijaguswa. Yeye ameyapanga maneno kwa herufi za mbele. Mimi ningemwomba ayatazame mengine kwa nyuma. Chukua "abrupt", ya ghafla. Kipande "rupt" kimetoka Kilatini, na maana yake ni kuvunjika au kupasuka. Jambo la ghafla ni jambo lililokatika. "Erupt" ni volkano kulipuka, na mfano wake hauko mbali, Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007. "Interrupt" ni kumkatiza mtu anayesema. "Rupture" ni kupasuka, neno la hospitalini. "Bankrupt" ni aliyefilisika. "Corrupt" ni aliyeharibika, mla rushwa. Herufi nne tu, na popote anapozikuta anajua kuna kitu kimevunjika.

Au "abduct", kuteka nyara. "Ab" hapo ni mbali na, "duct" ni kuongoza au kupeleka. Kwenye Fizikia atafundishwa "conductor", kitu kinachopitisha joto au umeme, na huyo ni ndugu wa damu wa konda wa daladala, maana jina la konda limetoka katika neno hilohilo. "Product", zao au bidhaa, yumo. "Reduce", kupunguza, naye yumo, ingawa "t" hana.

Utaniuliza kama haya nayo hayafanani. Yanafanana, ndiyo maana simwambii ayakariri yote usiku mmoja. Anaanza na moja alilokutana nalo darasani. Likishakaa, la pili linapotokea kwenye kitabu kingine atalitambua kwa kipande alichokwisha kukijua, na sehemu iliyobaki ndiyo ya kujifunza. Hapo kufanana kunamsaidia, kwa sababu herufi za pamoja zinabeba maana moja. Zile "ab" za daftari hazina maana moja. Katika "absent", kutokuwepo, na "abnormal", isiyo ya kawaida, "ab" ni mbali na. "Abbot" na "abbey" yametoka kwa "abba", baba kwa Kiaramu. "Abandon" limepita Kifaransa na halihusiani na hao wengine hata kidogo. Watu wa koo tatu waliokutana kwenye kituo kimoja cha basi, na mtoto akaambiwa ni familia.

Kuna hazina kubwa zaidi ambayo binti yako tayari anayo, na inaniuma kuona watoto wetu wanaambiwa waiache mlangoni siku wanapoingia sekondari. Ni Sayansi aliyoisoma kwa Kiswahili. Mwambie akuelezee kipimajoto ni nini. Halafu aandike "thermometer": "thermo" ni joto, "meter" ni kipimo. Anacho tayari. Usanisinuru ni "photosynthesis", na vipande vimekaa vilevile, "photo" ni nuru na "synthesis" ni usanisi. Hadubini ni "microscope": "micro" ni kidogo sana, "scope" ni kutazama. Darubini ni "telescope": "tele" ni mbali. Kutoka hapo "telephone" ni sauti ya mbali na "television" ni kuona kwa mbali. "Photograph" ni kuandika kwa nuru, "geography" ni kuandika habari za dunia, "biography" ni kuandika maisha ya mtu. "Bio" hiyohiyo, uhai, ikakutana na "logy", elimu, ikawa jina la somo lililomliza.

Wanyama nao wamepangwa vizuri. "Vore" ni mla. "Herbivore" ni alaye majani, "carnivore" alaye nyama, "omnivore" alaye vyote. Mwalimu wa Biolojia atayataja mapema, na mtoto aliyeyachambua hivi hahitaji kuyakariri.

Tahadhari moja lazima niiseme kwa ukali kidogo. Siyo kila kipande kinachoonekana kina maana. "Carpet" ni zulia, halina gari wala mnyama wa kufugwa ndani yake, ingawa "car" na "pet" zinaonekana. Kipande "in" mara nyingi hukanusha: "active" ni yenye kufanya kazi, "inactive" ni isiyofanya kazi. Mtoto mwenye akili atakutana na "inflammable" kwenye chupa ya kemikali akadhani maana yake ni kisichowaka. Maana yake ni kinachowaka kwa urahisi, sawasawa na "flammable". Kisichowaka ni "non-flammable". Wanapoanza Kemia hufundishwa alama za hatari za maabara, na hili ningetaka alijue kabla hajashika kibiriti. Akishakisia maana kwa vipande, afungue kamusi kuhakikisha. Hiyo ndiyo kazi ya ile kamusi uliyomnunulia.

Yatakuja maneno ambayo yanafanana sana na hayana ujamaa wowote wa kumsaidia. "Thread" ni uzi na "threat" ni tishio. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kwa kiasi fulani au kabisa, "quit" ni kuacha. "Though" ni ingawa, "through" ni kupitia, "thorough" ni ya kina, "thought" ni wazo, "tough" ni gumu. Haya ayatenganishe kwa wiki kadhaa. Kila moja alijue ndani ya sentensi yake, aweze kulitumia bila kufikiri, kabla hajakutanishwa na mwenzake. Uzi na tishio, kwa mfano: wewe unashika uzi kila siku, kwa hiyo "thread" alijifunze kwanza, mezani kwako, akiwa ameushika mkononi. "Threat" lisubiri.

Kuhusu "gh" asijilaumu. Zamani Waingereza waliitamka, sauti inayokaribia "kh" yetu ya kheri. Wajerumani mpaka leo husema "Nacht" pale Mwingereza anapoandika "night", usiku. Sauti ikafa katika maneno mengi, katika mengine ikageuka "f", kama "laugh", kucheka, na "enough", ya kutosha. Maandishi yakabaki yalivyo. Anachotakiwa ni kusikia neno huku akiliona, basi.

Herufi za kimya ndizo pekee ambazo ningemruhusu azikusanye kwa herufi, kwa sababu hapo anachojifunza ni tahajia na maana ya maneno mengi anaijua tayari. "Know", kujua, "knife", kisu, "knee", goti, "knot", fundo la uzi: "k" haisikiki ikifuatwa na "n" mwanzoni mwa neno. "Write", kuandika, "wrong", kosa, "wrist", kifundo cha mkono: "w" haisikiki mbele ya "r". Na baadhi ya hizo kimya huzungumza kwa ndugu zao. "Sign", kutia sahihi, "g" haisikiki. Nenda "signature", sahihi yenyewe, utaisikia. Akiijua "signature" hataisahau "g" ya "sign".

Sasa wewe, mama. Umesema Kiingereza hukijui kana kwamba jambo hilo linakutoa nje. Kazi ninayokupa inahitaji Kiswahili, na Kiswahili unacho.

Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vidogo, mkasi unao. Upande mmoja binti aandike neno la Kiingereza na sentensi fupi aliyoitoa kwenye kitabu chake. Upande wa pili maana kwa Kiswahili. Jioni wewe unashika kadi ukitazama upande wa Kiingereza, yeye asione. Unamwambia maana kwa Kiswahili, ambayo unaijua kwa sababu amekuandikia upande wa pili. Yeye anataja neno, anataja herufi zake moja moja, wewe unafuatisha kwa kidole. Kisha analiweka kwenye sentensi yake. Herufi unazisoma, kwa hiyo akikosea moja utaiona. Jambo ambalo huwezi kulipima ni matamshi, na hilo atalipata kwa mwalimu wa shule.

Kabla ya kuanza changanya kadi vizuri. Hili ni la lazima. Usimruhusu azitaje kwa mpangilio alioziandika.

Tafuta makopo matatu. Kadi anayoipata inasogea kopo linalofuata, anayoikosa inarudi kopo la kwanza. La kwanza mnalipitia kila jioni, la pili mara mbili kwa wiki, la tatu Jumapili. Njia hii aliieneza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972 na imedumu kwa sababu inafanya kazi. Kadi mpya ziwe saba au nane kwa siku, siyo ishirini. Siku ya kazi nyingi, mpitie za zamani tu.

Naomba pia, angalau mara moja kwa wiki, akueleze kwa Kiswahili alichosoma kwenye Biolojia, huku wewe unaendelea kushona. Akiweza kukueleza ukaelewa, basi somo ameliweza na kilichobaki ni lugha. Asipoweza, mtajua kwamba tatizo ni somo lenyewe, na hilo ni la kumfuata mwalimu wake kulizungumza.

Kuhusu tuisheni, usimwondoe kwa hasira. Nenda ukaongee na mwalimu, mpelekee lile karatasi la jaribio, umwombe mambo mawili: maneno yatoke kwenye sura wanazosoma shuleni wiki hiyo, na kila neno liwe na sentensi. Mwalimu anayejali atakubali, pengine alikuwa anafundisha kama alivyofundishwa yeye. Akikataa, ada hiyo iweke. Tafuta msichana wa kidato cha tatu au cha nne hapo mtaani anayefanya vizuri Biolojia, wakae pamoja jioni mbili kwa wiki na kitabu cha somo kikiwa wazi katikati yao, wasome aya kwa aya, na binti yako ndiye awe anauliza.